Jumanne Niliyoandika Kimya

Siku ya nane, Jumatatu

Pasaka imekwisha, na mimi nimekwisha nayo. Siku nane za mkate mkavu usio na chachu zimenifunga tumbo, na wageni wa mke wangu wamenifunga mdomo. Leo Kamuna amenipa daftari hili lenye picha ya ua kwenye jalada. Alilituma binti yetu Ghaliya kutoka Haifa. Kamuna ameniambia niandike humu kila siku alasiri, kabla sijaenda kusali, kwa sababu nimeanza kusahau. Wiki iliyopita niliacha banda la kuku wazi mara mbili, na paka wa jirani akashiba. Anasema mtu aliyeandika maneno ya Mungu miaka arobaini hawezi kushindwa kuandika kama amefunga banda au hakufunga.

Banda nimefunga.

Tarehe nitazihesabu kama anavyozihesabu kila mtu hapa Hara, mtaa wetu wa Wayahudi, msimu huu: kuanzia usiku wa pili wa Pasaka mpaka Sikukuu ya Majuma, siku arobaini na tisa, kila jioni, ndipo siku yetu inapoanza, tunataja siku tuliyofika na kusema baraka yake. Mhudumu wa sinagogi hutugawia punje ya chumvi tunapohesabu. Yangu naileta nyumbani, Kamuna anaiweka kwenye kisahani. Anayepitiwa siku moja nzima anaendelea kuhesabu, ila baraka haisemi tena mpaka mwaka ujao. Mimi sijapitiwa tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nina sitini na tisa.

Kazi iliyo mezani ni kitabu cha Torati cha Bi Meisa. Anakitoa kwa jina la marehemu mumewe, Pinhas, aliyekuwa karani wa baraza la marabi na aliyetutoka miaka tisa iliyopita. Mwanawe Shushan anakuja kumchukua akakae naye Marseilles moja kwa moja. Gari lao linaondoka Jumatano asubuhi baada ya sikukuu. Bi Meisa anataka kitabu kisomwe mara moja tu, siku ya sikukuu, pale pale Pinhas alipokuwa akisali, kisha aondoke nacho. Zimebaki ngozi sita, na kila ngozi ina safu nne. Nimeshaandika vitabu kumi na kimoja maishani. Hiki cha kumi na mbili ndicho cha mwisho. Nimemwambia Kamuna hivyo, naye hakubisha.

Siku ya tisa, Jumanne

Safu moja. Kiuno.

Siku ya kumi na moja, Alhamisi

Nimechemsha wino mpya. Vinundu vya mti wa mwaloni vya mwaka huu ni hafifu, nimeongeza mpaka sufuria imekuwa nyeusi kabisa. Kamuna amesema supu ya leo nitainywa mwenyewe, maana nimekoroga wino kwa mwiko wake.

Siku ya kumi na nne, Jumapili

Barua ya Ghaliya imefika. Mwanawe anauliza babu anafanya kazi gani polepole hivyo, mwaka mzima kitabu kimoja. Nimemjibu. Nakala yake naiweka humu kwa kuwa nimeipenda.

Naandika, mjukuu wangu, lakini kila nikifika kwenye Jina la Mungu nasimama. Nachovya kalamu, nasema kwa sauti, "Kwa utakatifu wa Jina," ndipo naandika. Katika safu moja huenda nikasimama mara tatu, huenda mara kumi. Nisiposema, herufi zitakuwa nzuri vile vile, wala hakuna jicho litakaloona tofauti, lakini ngozi hiyo haifai tena kwa kitabu. Na siwezi kukwangua nikaandika upya, maana Jina likishakaa kwenye ngozi halifutwi. Ngozi nzima inakwenda kuzikwa.

Jambo ambalo sikumwandikia ni hili. Bibi yake hukaa mlangoni pa chumba changu akichambua sufu. Nikisema yale maneno, mikono yake inasimama. Nikimaliza Jina, naisikia sufu inaanza tena. Sijui alianza lini mtindo huo, na sijawahi kumuuliza.

Siku ya kumi na saba, Jumatano

Safu moja. Ndevu zinawasha, na bado siku kumi na sita ndipo turuhusiwe kunyoa.

Siku ya kumi na tisa, Ijumaa

Nusu safu, kisha Sabato. Nimelala usingizi kwenye ngazi za bafu la umma, watu wakaniruka.

Siku ya ishirini na mbili, Jumatatu

Shushan amewasili mapema kuliko tulivyotarajia. Amekuja na suti ya rangi ya majivu na mafuta ya nywele. Tangu asubuhi amesimama nyuma ya kiti changu. Anauliza kitabu kitakwisha lini hasa, na nikisema kabla ya sikukuu, anauliza kabla kwa siku ngapi. Ananiambia huko Marseilles kuna mashine inayochapa Torati nzima kabla ya chai ya saa nne. Halafu akaweka kidole kwenye ngozi, kidole kitupu, kuona kama wino umekauka. Nikamwambia autoe mkono. Akacheka, "Samahani, Mzee, nilidhani ni ngozi ya mbuzi."

Ni ngozi ya mbuzi. Hilo ndilo lililonikera.

Upepo wa kusini umeanza. Kila kitu kina vumbi, hata mate.

Siku ya ishirini na tatu, Jumanne

Upepo. Joto la tanuri. Nimeandika safu nzima kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo halijatokea tangu nilipokuwa kijana. Nimeinuka sikumbuki hata mstari mmoja. Muda wote nilikuwa nabishana na Shushan kichwani, na nilimshinda vizuri sana.

Banda nimefunga.

Siku ya ishirini na nne, Jumatano

Upepo bado. Robo safu tu, kisha nimelalia meza. Kamuna haongei. Labda ni jino lake.

Siku ya ishirini na sita, Ijumaa

Ile ngozi imekamilika. Upepo umetulia. Kamuna hali vizuri, samaki wake amempa paka, yule yule mwizi. Nimemuuliza ana nini, akasema hana kitu.

Siku ya ishirini na tisa, Jumatatu

Leo sitaki kuandika, ndiyo maana naandika.

Asubuhi niliketi kama kawaida, nikachovya kalamu. Kamuna alikuwa mlangoni na sufu mapajani, lakini hachambui. Akasema bila kuniangalia, "Baba Ghaliya, Jumanne ile ya upepo ulikuwa kimya."

Nikamuuliza kimya vipi. Akasema kimya tu. Asubuhi nzima hakusikia yale maneno hata mara moja, na sufu aliyoichambua siku hiyo ilikuwa nyingi, maana hakupata pa kusimama. Nikamjibu kwa ukali. Nilimwambia upepo ulikuwa unapiga madirisha, tena tangu lini masikio yake yakawa ya mbwa wa ulinzi, wakati jana tu nimemwita mara tatu aniletee maji. Akaanza kuchambua.

Nimeitoa ile ngozi. Ile safu ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote za mwaka huu, herufi zimesimama wima kama siku nilipooa. Jina limo mara tisa. Nimeweka kidole juu ya kila moja bila kuligusa, nikajaribu kujikumbuka nikisema. Jumatatu nakumbuka. Jumatano nakumbuka, kwa kuwa koo liliniuma kwa vumbi nikakohoa katikati ya maneno. Jumanne nakumbuka suti ya Shushan.

Kisha nimefungua daftari hili kwenye siku ya ishirini na tatu. Nilipewa ili nisisahau, nami nimeandika kwa mkono wangu kwamba sikumbuki hata mstari mmoja. Nimekaa na hilo daftari mpaka chai imepoa. Naogopa, sina neno lingine.

Siku ya thelathini, Jumanne

Nimeandika. Kila Jina nimelitangulizia maneno kwa sauti kubwa mpaka jirani akagonga ukuta akiuliza kama kuna mgonjwa. Mikono ya Kamuna inasimama, inaanza, inasimama.

Siku ya thelathini na moja, Jumatano

Nimejiambia: umechoka, umesema na hukusikia mwenyewe. Nimejiambia: mke naye amezeeka. Nimejiambia: kila kitabu ukianza ulitamka nia ya kitabu kizima, labda inatosha. Haitoshi. Ningekuwa namfundisha mwanafunzi ningemwambia haitoshi, na ningemwambia kwa dharau.

Ngozi ya akiba sina. Kuandaa mpya, kuiloweka, kuitia chokaa, kuisugua na kuikausha ni zaidi ya majuma matatu kwa mikono hii, na sikukuu haiko mbali hivyo.

Siku ya thelathini na tatu, Ijumaa

Nimenyoa. Watu wote wamekwenda ziyara, hija ya kila mwaka, na ngoma na mishumaa. Mimi nimekwenda kwa Rabi Makhluf, nikijua nitamkuta peke yake kwa sababu magoti yake hayamruhusu ziyara.

Nimeanza kusema nina jambo kuhusu kitabu cha Bi Meisa. Akainua mkono kunizuia.

"Kitabu kiko mkononi mwako au mkononi mwake?"

Nikasema kiko kwangu.

"Basi leo usiniambie kitu, Mzee Kalfon. Njoo baada ya sikukuu, tutakunywa chai."

Hakuna mwandishi asiyeijua sheria hiyo. Hata baba yangu, ambaye naye aliifanya kazi hii, alinifundisha kabla sijajua kuchonga kalamu. Mwandishi akisema aliandika Majina bila nia, na kitabu bado kiko kwake, anaaminiwa, na kitabu kinaanguka. Lakini kikishafika mkononi mwa mwenye kitabu, haaminiwi tena. Atasema mpaka sauti imkauke, kitabu ni safi, kinasomwa. Rabi hakunifundisha hila yoyote. Amenionyesha mlango ambao wazee waliuacha wazi, labda kwa ajili ya watu waliochoka kama mimi.

Ni kunyamaza siku kumi na saba tu, mpaka sikukuu. Nami nimeshanyamaza safu nzima bila hata kujitahidi.

Siku ya thelathini na tano, Jumapili

Shushan amekuja na sanduku la bati la kusafirishia kitabu, lina kitambaa chekundu ndani. Sanduku zuri. Nimemshukuru.

Siku ya thelathini na sita, Jumatatu

Ngozi ya mwisho imeandikwa. Maneno ya mwisho kabisa nimeyachora kwa mistari myembamba tu. Desturi ni kwamba mwenye kitabu atakuja, atanishika mkono wa kanzu na kuniambia nimwandikie, ndipo nitayajaza wino. Sasa ni kushona tu, ngozi kwa ngozi, kwa uzi wa mishipa ya ng'ombe.

Siku ya thelathini na saba, Jumanne

Nimeshona ngozi tatu. Nilipofika kwenye ile, sindano iliingia vizuri. Nilitaka isiingie. Nimeishona pande zote mbili, kisha nikamfikiria Bi Meisa siku ya sikukuu, amesimama upande wa wanawake, ananyoosha kiganja kuelekea kitabu na kukibusu. Anabusu mara tisa kitu ambacho ni wino wangu na hasira yangu kwa mtoto wake. Kitakuwa safi kwa ulimwengu mzima, isipokuwa chumba hiki.

Kamuna hajasema neno tangu Jumatatu ile. Namchukia kidogo kwa kuwa hajasema. Angenilazimisha ningemlaumu yeye.

Siku ya thelathini na nane, Jumatano

Nimekwenda kwa Bi Meisa. Nyumba yake imeshafungwafungwa, yeye kaketi juu ya sanduku na kahawa mkononi, akanipa kikombe kimoja cha mwisho ambacho hakijafungwa. Nimemwambia yote, Jumanne, upepo, kimya, mara tisa. Bi Meisa hakumtaja Shushan, wala mimi sikumtaja, ingawa alikuwa mlangoni anasikiliza.

Hakulia. Pinhas alikaa na marabi miaka thelathini, na huyu mama aliwapikia wote. Sheria anaijua kuliko mimi.

Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Kamuna. Akasema Kamuna hatasema. Nikasema hatasema.

"Basi, fundi, rudi nyumbani, kilete kitabu hapa sasa hivi. Nikishakishika mkononi, uniambie tena yote haya tangu mwanzo. Nitakusikiliza mpaka mwisho."

"Nimeshasema, Bi Meisa."

"Hukusema kitu. Sijasikia. Mimi mzee, masikio mabovu."

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Miaka tisa namngojea Pinhas apate kitabu. Wewe utabaki hapa na moyo wako mweupe, unalala vizuri. Mimi nitaondoka mikono mitupu. Niambie basi, hiyo ndiyo dini?"

Nilisema nitajaribu kuandika ngozi nyingine. Akauliza ngozi iko wapi. Shushan akaniambia kama ni herufi chache zimeharibika si nizirekebishe tu, mama yake akamwambia anyamaze. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kila aliyenisalimu nikamjibu kwa mkono. Nimeona aibu. Nilidhani nikisema nitapata nafuu, na nafuu haipo.

Siku ya thelathini na tisa, Alhamisi

Nimekata nyuzi nilizozishona juzi. Ngozi nimeikunja, nimeivisha kitambaa, nimeipeleka kwenye kile chumba nyuma ya sinagogi yanapowekwa maandiko yanayosubiri kuzikwa. Rabi Makhluf alinifungulia mwenyewe. Aliiangalia ile safu muda mrefu, akasema ni mwandiko mzuri. Halafu akasema, "Ungesubiri tu." Hakusema kwa ubaya. Tumeiingiza kwenye mtungi.

Niliporudi, Kamuna alikuwa amepanda kiti, mwanamke wa miaka sitini na sita, anavuta kitu juu ya kabati. Ni ngozi ya baba. Baba aliisugua mwenyewe, kwa nia kama inavyopasa, akaikwaruza mistari yote ya safu nne, na wiki hiyo hiyo akafa. Miaka thelathini na moja iko juu ya kabati, na nilishasema haitaguswa mpaka nife. Kipimo changu ni kipimo chake, hata mistari inalingana.

Nimemwambia asiishushe, airudishe. Akasema, "Kuishusha nimeshaishusha." Akaipangusa vumbi kwa kitambaa kisafi, akaiweka mezani, akaenda kupika kuskusi.

Siku ya arobaini, Ijumaa

Nimeilainisha. Mistari ya baba inaonekana vizuri ukiinamisha ngozi kwenye mwanga. Mmoja umepinda kidogo upande wa kushoto. Sikujua kuwa naye mkono ulikuwa umeanza kumtoka.

Siku ya arobaini na mbili, Jumapili

Nusu safu. Vidole vimevimba.

Siku ya arobaini na tatu, Jumatatu

Nusu safu kasoro. Nikimaliza mstari napumzika, nikimaliza pumziko nasahau niko mstari gani. Kwenye Jina sisahau.

Siku ya arobaini na tano, Jumatano

Ya jana haimo humu. Nieleze.

Juzi jioni mwanga ulikuwa mzuri, nikasema nimalize mistari mitano nisali hapa hapa mezani, nisiende sinagogi. Nikasali. Kuhesabu nikasahau. Jana mchana kutwa kalamu mkononi, sikukumbuka, na daftari sikulifungua. Jana usiku nikaenda sinagogi, mhudumu akanipa chumvi, nikahesabu arobaini na tano kwa baraka, kifua mbele. Leo asubuhi Kamuna ameleta kisahani, amehesabu punje. Akaniuliza ya arobaini na nne iko wapi.

Miaka hamsini na sita sijapitiwa. Na jana nimesema baraka isiyokuwa yangu. Kuanzia leo nahesabu bila baraka, nyuma ya watoto. Nimecheka, kisha nimelia kidogo, kisha nimeandika nusu safu. Siwezi hata kuulaumu upepo.

Siku ya arobaini na saba, Ijumaa

Safu tatu zimetimia. Sabato inaingia. Bi Meisa hajapita huku wala hajatuma mtu. Kamuna alikutana naye kisimani, wakaongea kuhusu kisima tu.

Siku ya arobaini na tisa, Jumapili

Nimeanza kabla jua halijapanda. Kamuna amenilisha yai mkononi ili nisiweke kalamu chini. Saa nane mkono ukaacha kunisikia, nikausubiri, ukarudi. Saa kumi na moja ikabaki safu moja kasoro mistari thelathini na moja. Hata hesabu hii siwezi kuisema vizuri: imebaki mistari kumi na moja. Jua limeshuka. Sikukuu ikiingia haiandikwi herufi.

Nimesafisha kalamu. Nilikuwa na majuma saba, nimeshindwa kwa mistari kumi na moja. Shushan aliambiwa na mtu kuwa naandika ngozi nyingine, amepita dirishani, hakucheka. Hilo limeniuma zaidi.

Jumatano, hakuna hesabu tena

Sikukuu imepita. Walisoma kwenye kitabu cha zamani, kile chenye ngozi iliyokunjamana. Bi Meisa alikuwapo, na kitambaa alichokishonea kitabu cha Pinhas kimekunjwa mapajani. Tukitoka hakunisalimu. Nilitaka kumwambia kitu, nikamwambia Kamuna twende.

Leo alfajiri nilikaa mezani, si kwa matumaini yoyote, ila kazi ilikuwa imebaki. Kamuna akakaa mlangoni na sufu. Nilikuwa mstari wa pili niliposikia gari, kisha honi, kisha mlango wetu. Bi Meisa ameingia na nguo za safari. Hakuniangalia. Alivuta kigoda, akaketi karibu na Kamuna, akachukua fungu la sufu akaanza kuchambua, kana kwamba amekuja kusaidia kazi za nyumbani. Shushan akachungulia akasema gari linasubiri. Mama yake akamwambia hata gari linajua kusubiri, yeye je.

Nikaandika. Kwenye mistari ile iliyobaki Jina lilikuwamo mara tatu. La kwanza nilisema yale maneno, na sikuisikia sufu. Nikageuka kidogo. Mikono minne imesimama hewani. La pili vile vile. La tatu Bi Meisa alikuwa amefumba macho.

Kushona kulichukua zaidi ya saa. Honi ikalia mara mbili na haikujibiwa. Nikafungua kitabu mwisho kabisa, kwenye maneno yale yaliyochorwa tu. Akainuka, akanishika mkono wa kanzu, akashika kwa nguvu kama anayevuka barabara.

"Niandikie, fundi. Mimi na Pinhas."

Nimewaandikia. Wino ulipokauka, Kamuna na mimi tumekivisha kitambaa chake. Nikakibeba, nikakiweka mikononi mwake, akayumba kidogo kwa uzito, Shushan akataka kukipokea akakataa. Bi Meisa aliniambia mlangoni kwamba hajanisamehe ile Jumatano, na kwamba huko Marseilles akisikia kinasomwa atajua anasikia nini. Nikasema hayo yote mawili ni haki yake. Gari likaondoka.

Kitabu sasa kiko mkononi mwake. Hata nikisema nini, siaminiwi tena. Hilo ndilo lililonijia baada ya chai. Vile vingine kumi na kimoja navyo viko mikononi mwa watu, Tripoli, Haifa, Paris, na viwili hapa hapa Hara. Kama Jumanne moja ilinipita bila kujua, nyingine je? Nilikuwa na hasira pia nikiwa na miaka thelathini, tena zaidi. Hakuna wa kuniuliza na hakuna wa kuniamini. Nimezunguka uani na wazo hilo mpaka kuku wamenikimbia.

Mwishowe nimeenda kumkalia Kamuna mbele. Nikamuuliza, "Mama Ghaliya, miaka arobaini. Ni Jumanne ile tu?"

Hakuinua macho. Akatoa mbegu kwenye sufu, akaitupa.

"Siku niliyomzaa Ghaliya hukushika kalamu. Siku nyingine zote nilikuwa hapa. Jumanne ile nilitaka upumzike, nikasema nitainyamazia. Nimeweza siku sita, silali, sili. Unadhani ningewezaje miaka arobaini?"

Kisha akaniambia niinuke, kiuno kitaniuma, na niende nikaandike kama banda nimelifunga.

Sijalifunga. Naenda.